Chai ya Mvua

Mimi ni karani wa mizani, kituo namba sita,
Mufindi, ambako ukungu hufika kazini kabla ya wachumaji.
Kazi yangu ni kukata.
Kikapu kikining'inia kwenye ndoana, sindano ikasema ishirini na mbili,
natoa moja ya kikapu, natoa mbili za maji kama usiku kulinyesha,
naandika kumi na tisa,
na mwenye kikapu ananitazama kama nimemla.

Jumatatu ikaja barua kutoka Iringa mjini.
Kamati ya mkoa inataka beki mmoja wa mpira wa magongo,
na kwa kuwa daftari la mechi ninaliandika mimi,
penseli ileile, mkono uleule,
niseme: Sikudhani Nyigu ana thamani gani
pale wapinzani wanapopungua?

Kupungua maana yake mwamuzi kainua kadi ya kijani,
mtu anatoka, anakaa nje dakika mbili,
kumi na mmoja wanacheza na kumi.
Dakika mbili. Hata maji hayajachemka.

Nikafungua daftari.
Editruda Kikoti, mshambuliaji, mabao saba ndani ya dakika hizo.
Sikudhani, bao moja, nalo liligonga gongo la mtu kwanza.
Kwa mizani yangu mambo yamekwisha:
saba, moja; kunja, piga muhuri.

Lakini mkono wa karani umezoea kukata.
Bao la kumi na mmoja dhidi ya kumi, nikasema,
hiyo ni chai ya mvua, inapima zaidi ya majani yake.
Nikamkata Editruda mawili, nikamkata matatu,
kisha nikaona haya.
Anayechuma kwenye mvua, naye vidole vinamfa ganzi.

Basi nikaacha jumla, nikasoma ukingoni,
kule ninakoandika vitu visivyo na safu.
Mechi ya Makambako: S.N. kazuia mpira usitoke, kwa ncha ya gongo.
(Gongo la mwati, kalichonga kaka yake, limepinda kupita sheria.)
Mechi ya Njombe: S.N. kapokea, kasubiri.
Kasubiri! Niliandika kwa hasira,
sote tulikuwa tunapiga kelele, piga, piga,
naye kasimama na mpira kama mtu anayesikiliza sufuria,
mpaka beki wao wa kushoto uvumilivu ukamwisha, akatoka alikokuwa,
mlango ukabaki wazi,
Editruda akapita.
Nikaandika: bao, Kikoti.

Usiku, kwa tochi ya simu, nikahesabu upya.
Kadi za wapinzani msimu mzima, ishirini na nne.
Sikudhani yumo: kadi kumi na sita, mabao tisa.
Hayumo, kwa malaria, kwa msiba wa Malangali, kwa lori lililomwacha:
kadi nane, bao moja,
na mawili tukafungwa sisi, sisi tuliokuwa wengi,
maana wote tulikimbilia mbele kama kuku waliomwagiwa mtama.

Najua, nane ni chache. Kikapu kimoja hakisemi shamba.
Sindano yangu nayo hutetemeka kabla ya kutulia.

Asubuhi nikamkuta kwenye foleni, umande shingoni.
Siku ile Njombe, nikamwuliza, ulikuwa unasubiri nini?
Akashusha kikapu.
"Yule aliyetolewa alikuwa analia pale nje.
Beki wao wa kushoto kila mara anamtazama.
Nikajua miguu yake itafuata macho."
Halafu: "Pima, karani, chai inanyauka."

Ishirini na moja. Usiku kulinyesha.
Nikakata tatu, kama kwa wote.

Barua ya kamati bado iko mezani.
Penye Mabao nimeandika moja.
Penye Maoni wameacha mstari mmoja tu, mfupi,
umejaa tangu jana,
na sasa naandika ukingoni.